Bonyeza Windows na V

Binti anayenisaidia kuchapa alinyamaza. Nilitarajia acheke, au apige kofi moja kama anavyofanya printa yetu ikikubali kuvuta karatasi bila kusukumwa. Badala yake aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akakitazama kile kidirisha kidogo kilichojitokeza kando ya maneno yake. Ndani vilikuwa vimepangwa, kimoja juu ya kingine, vitu vyote alivyokopi tangu asubuhi: jina refu la mwanafunzi, kichwa cha utafiti, aya nzima ya shukrani, namba ya usajili, hata salamu za rambirambi alizozipanga saa mbili kwa ajili ya bango la msiba.

"Anti," akasema baada ya muda, "hii ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Tangu lini?"

Kwa asiyejua: ukishikilia kitufe chenye alama ya Windows kisha ukabonyeza V, kompyuta haipesti kile kitu cha mwisho tu ulichokopi. Inakufungulia orodha ya vitu hadi 25, unachagua unachotaka. Mara ya kwanza inakuuliza kama uiwashe. Tuliigundua tulipohamia Windows 11, lakini haikuja na Windows 11. Ilianza kwenye Windows 10, katika masasisho ya Oktoba 2018. Na binti huyu aliingia kwangu mwaka 2019. Yaani siku zote hizo alizokuwa akipanda hadi ukurasa wa kwanza kukopi jina, anashuka kulipesti, anapanda tena kufuata namba ya usajili, anashuka, kama mwenye ndoo moja na kisima kiko bondeni, orodha ile ilikuwa inamngoja vidole viwili kutoka pale alipo.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Hilo ndilo lililonipa tabu. Nilikuwa nimeijua wiki ileile, tena kwa kubahatisha, nilipokosea kubonyeza. Lakini mimi ndiye fundi. Mtu akikuita fundi hategemei useme "hata mimi ndiyo kwanza naona". Nikasema nilisahau kumwambia. Alinijibu "sawa anti" kwa sauti ile ambayo kila aliyelea mtoto wa kike anaijua, akaendelea kuchapa. Siku hiyo hakunisemesha tena hadi tulipofunga.

Niseme kidogo kuhusu mahali pa kazi. Nina steshenari Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Kompyuta nne, printa mbili, na mashine ya fotokopi yenye hasira. Wateja ni wanafunzi, walimu, wenye maduka, wastaafu, na vijana wa kuomba kazi na mikopo ya masomo ambao wote huja siku ya mwisho, saa za mwisho. Wageni wakiingia hunikuta na bisibisi mkononi, kompyuta imefunguliwa tumbo, na bado huuliza: "Samahani dada, fundi yupo?" Nimezoea. Huwajibu yupo, anakuja, halafu naendelea.

Kuhama hatukuhama kwa kupenda. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, iliwekewa tarehe ya kukoma kuhudumiwa, 14 Oktoba 2025, na miezi kadhaa kabla ya hapo kompyuta zenyewe zilianza kutukumbusha. Windows 11 nayo, iliyotoka 5 Oktoba 2021, ina masharti kama ya mwenye nyumba mpya: RAM isipungue GB 4, nafasi GB 64, prosesa isiwe kuukuu (kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8, tukiacha chache), na iwe na kile kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Katika kompyuta zangu nne, mbili zilifaulu. Moja niliiuza nikaongeza hela nikachukua ya mtumba iliyo bora kidogo. Ya nne bado iko kwenye Windows 10, nimeiondoa kwenye mtandao, kazi yake ni kuskani tu. Imezeeka, lakini skana yetu haielewani na kompyuta nyingine yoyote.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya malalamiko matupu. Kila mteja aliyezoea alitafuta kitufe cha Start kwenye kona ya kushoto, asikikute, kwa sababu sasa kimekaa katikati na wenzake. Hilo nililirekebisha kwa kusogeza vyote kushoto, inaruhusiwa. Lakini mhasibu mmoja aliyezoea kuweka mstari ule wa vitufe juu ya skrini hakuridhika, maana toleo tulilopiga lilikuwa na mahali pamoja tu pa kuuweka, chini. Ukibonyeza kulia kwenye faili, orodha inayotokea ni fupi, na nusu ya mambo uliyozoea yamefichwa nyuma ya mlango wa pili. Kuna njia ya mkato, shika Shift kwanza ndipo ubonyeze kulia, na nilichoka kuisema. Mwalimu mmoja aliniuliza kwa upole mtu anapataje faida kwa kuficha vitu ambavyo watu walikuwa wanaviona. Sikuwa na jibu. Watu wa dunia nzima walikuwa wameshauliza hayohayo tangu 2021, na mengine yalirudishwa kimyakimya. Kwa mfano, ile hali ya kila dirisha kuonyesha jina lake pale chini, badala ya kurundikwa chini ya picha moja, ilirudi mwaka 2023. Mtu akirudishiwa alichonyang'anywa anashukuru kama amepewa zawadi, na mimi nilipokea shukrani hizo bila haya.

Baada ya malalamiko zikaja "kumbe". Hizi ndizo zilizonifanya nianze kuandika pembeni, kwenye daftari la madeni, nani alishangaa nini.

Kumbe inafungua RAR yenyewe, yale mafaili mengi yaliyobanwa yakawa moja! Tangu 2023 Windows 11 hufungua mafaili hayo bila kuongezewa kitu. Kijana mmoja fundi mwenzangu alihuzunika aliposikia. Kwa miaka yote, kitu cha kwanza alichokiweka kwenye kompyuta ya mtu ni WinRAR, ile inayokupa siku 40 za majaribio halafu inaendelea kukusamehe hadi uzeeni.

Kumbe unaweza kuiambia kompyuta kwamba intaneti unayotumia ni ya kupimiwa! Hili wala si jipya, lipo tangu Windows 8 ya mwaka 2012, lakini nalihesabu kati ya yaliyofichwa kwa sababu sijawahi kukutana na mteja aliyeligundua mwenyewe. Unaingia kwenye mipangilio ya mtandao, unafungua Wi-Fi uliyounganisha, unawasha kwamba huo ni mtandao wa kuhesabiwa. Kuanzia hapo apdeti nyingi zinangoja. Mama mmoja mwenye duka la vitenge alikuwa akiiwashia laptopu yake hotspoti ya simu ili atume oda, na kila mara bando la wiki likiisha kabla ya Jumatano alimshuku mwanawe. Nilipomwonyesha, kwanza alikaa akahesabu. Halafu akampigia simu mwanawe palepale dukani kwangu, hakumwomba radhi, alimwambia tu "leo njoo ule nyumbani". Kesho yake nililetewa maembe.

Mimi mwenyewe, niseme ukweli, somo hilo nililipia. Usiku wa kuzihamisha zile kompyuta niliziacha zote kwenye hotspoti ya simu yangu nikasahau kuweka alama hiyo. Asubuhi nilikuwa na MB 11.

Sasa ripoti ya betri. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo iliyonipatia maadui.

Laptopu nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za mtumba. Zimetumika ofisini huko nje miaka mitatu, minne, zimefutwa vumbi, zimebandikwa nailoni mpya kwenye kifuniko, na muuzaji anakwambia betri inakaa saa sita. Mnunuzi hana pa kupimia. Anaiwasha dukani, inaonyesha asilimia 98, analipa. Kumbe ndani ya Windows, tangu toleo la 8, kuna amri ya kuandika kwenye lile dirisha jeusi liitwalo Command Prompt: powercfg, nafasi, /batteryreport. Ukibonyeza Enter inakuandalia ukurasa mzima na kukwambia imeuhifadhi wapi. Kwenye ukurasa huo kuna mistari miwili ambayo ni ushahidi tosha. Mmoja unasema betri ilitengenezwa iweze kubeba kiasi gani, wa pili unasema sasa ikijaa inabeba kiasi gani. Asilimia 98 unayoiona pale chini ni asilimia ya huo mstari wa pili. Betri iliyozaliwa na 50,000 na leo inabeba 17,000 itaonyesha imejaa kabisa, na haidanganyi, imejaa kile kidogo ilichobakiwa nacho.

Kijana wa mwaka wa pili aliniletea laptopu aliyonunua siku mbili nyuma, anataka nimwekee programu za kozi yake. Nikamwandikia amri ile, nikamwonyesha ile mistari miwili. Alisoma mara tatu. "Kwa hiyo hii kompyuta ilikuwa inajua?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, inajua. "Na mimi nilimuuliza muuzaji." Akafunga kifuniko, akaondoka nayo, hata programu hakuweka. Alirudi jioni na laptopu nyingine na uso wa mtu aliyegombana akashinda. Tangu siku hiyo wanafunzi huja wakiwa na amri hiyo imeandikwa nyuma ya daftari, wengine wameikosea wameandika "betri ripoti", na duka lile, ambalo silitaji, limeacha kunisalimia. Simlaumu mwenye duka. Na yeye aliletewa mzigo, akaambiwa betri inakaa saa sita.

Kipengele kilichonikosesha usingizi mimi kilikuwa kingine. Ukibonyeza Windows, Shift na S unakata picha ya sehemu ya skrini, hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana ni kwamba tangu 2023 programu hiyohiyo kwenye Windows 11 inaweza kusoma maandishi yaliyomo kwenye picha ukayakopi kama maneno. Mwanafunzi anapiga picha kurasa za kitini, anatuma kwa WhatsApp, tunafungua, tunakata, tunapesti, kazi imekwisha. Kurasa zilezile ambazo mchapaji wangu huzichapa kwa shilingi 1,000 kila mmoja.

Tulijaribu mchana mmoja hakuna mteja. Picha ya ukurasa uliochapwa vizuri ilitoka karibu yote sawa, pamoja na Kiswahili chake, kasoro herufi za hapa na pale. Mwandiko wa mkono ulitoka kama maneno ya aliyepandwa na mashetani, na hapo wote wawili tukashusha pumzi. Hatukukubaliana kwa maneno, lakini kwa wiki tatu hakuna mteja aliyesikia habari hizo kutoka kwetu. Tulikuwa tumefanya kilekile ambacho mwalimu yule aliuliza, mtu anapataje faida kwa kuficha. Nikapata jibu: shilingi 1,000 kwa ukurasa.

Siri ikavuja, kama ilivyotarajiwa, kupitia mwanafunzi aliyekaa kwenye kompyuta ya wateja akafanya yeye mwenyewe kurasa 12, akaja kaunta na kusema, "Anti, nilipie muda tu." Nikamtoza muda tu. Sasa tuna bei mbili, ya kuchapa mwandiko wa mkono na ya kusahihisha na kupanga kilichosomwa na kompyuta. Ya pili ni ndogo, ila kazi zake ni nyingi zaidi. Binti anasema macho yanamuuma kwa kutafuta makosa ambayo si yake.

Kulikuwa na mteja mwingine, kijana asiyesikia vizuri, ambaye huja kutazama video za mihadhara. Nilimwashia manukuu ya moja kwa moja, yale ya kubonyeza Windows, Ctrl na L kwa pamoja, yaliyokuja Septemba 2022. Sauti yoyote inayotoka kwenye kompyuta inaandikwa juu ya skrini wakati inasemwa. Mhadhara wake ulikuwa wa Kiingereza, kwa hiyo ukafaa. Nilikuwa nimejiandaa kuona furaha. Yeye aliangalia dakika tano hivi, akachukua kalamu, akaniandikia kwenye karatasi: "Haya maneno yanaenda wapi baadaye?"

Nikamwandikia kwamba hayaendi popote. Watengenezaji wanasema sauti inashughulikiwa ndani ya kompyuta hiyohiyo, haipelekwi kwenye mtandao, na ukishapakua faili la lugha hata bando halitumiki. Akatikisa kichwa, akaendelea. Katika wote waliopita kwenye daftari langu la madeni, yeye ndiye peke yake aliyeuliza swali hilo. Nililiona swali la ajabu kidogo. Baada ya siku nne nikalielewa.

Ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya kazi fulani, na steshenari ilikuwa imejaa hadi kwenye kibaraza. Binti, kwa ukarimu wake na kwa kulipiza miaka yake ya ndoo moja, alikuwa ameshamfundisha kila mteja Windows na V. Mama mmoja, muuguzi, alikuwa anajaza fomu, akabonyeza apesti anwani yake, orodha ikafunguka, na badala ya anwani moja akaona mambo ya watu. Namba ya kitambulisho cha taifa, si yake. Barua pepe, si yake. Chini yake, neno la siri la mtu, limekaa wazi kama nguo za ndani kwenye kamba ya jirani.

"Samahani dada," akaniita kwa sauti ya chini, na namshukuru kwa hiyo sauti ya chini, "hizi ni za nani?"

Nilizijua ni za nani. Kijana alikuwa ametoka kwenye kiti hicho dakika kumi nyuma. Alijitumia neno lake la siri kwa WhatsApp, akalikopi, akalipesti, akafuta ujumbe, akatoka kwenye akaunti yake, akafunga kila kitu kama tunavyowaelekeza kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Alifanya kila tulichomwambia. Ile orodha hatukuwa tumeiandika ukutani, kwa sababu tulipobandika karatasi ile hatukuijua.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeiwasha kwenye kompyuta zote tatu, siku ileile niliyokuwa nataka kujipatanisha na binti. Orodha hujifuta kompyuta ikizimwa na kuwashwa upya, isipokuwa vile ulivyovibana na kipini, lakini sisi hatuzizimi. Tunazilaza tu usiku ili asubuhi ziamke haraka. Kwa hiyo zilikuwa zimekumbuka.

Usiku ule nilikaa nikafungua kila kitu kwa jicho lingine. Nikafungua Notepad, ile programu nyepesi kuliko zote, ambayo tangu nimeijua haikuwahi kuhifadhi chochote bila kuambiwa. Nayo imebadilika mwaka 2023. Sasa ukiifunga hata bila kuhifadhi, ukiifungua tena inakurudishia ulichokuwa unaandika. Mtandaoni watu walishangilia sana, na nyumbani kwako ni kitu kizuri. Kwangu ilikuwa na vichupo tisa. Rasimu ya barua ya mtu kumwomba radhi mkuu wake wa kazi, imeanzwa mara mbili. Orodha ya michango ya harusi yenye majina na waliokwepa. Maneno ya mapenzi yaliyotafutiwa mpangilio mzuri kabla ya kutumwa. Nilivifunga kimoja kimoja bila kusoma, au niseme bila kusoma hadi mwisho.

Hapo ndipo nilipoona kinachoviunganisha vitu vyote vilivyonishangaza kwenye lile daftari. Vingi ni kukumbuka. Kompyuta imefundishwa isisahau, na aliyeifundisha alimfikiria mtu mmoja, mwenye kompyuta moja, chumbani kwake, na mlango una funguo. Kwa mtu huyo kila kumbukumbu ni msaada. Kwangu kiti kimoja kinakaliwa na watu thelathini kwa siku, na kila mmoja anahitaji kompyuta iliyosahau kabisa aliyemtangulia. Matoleo ya zamani ya Windows yalikuwa na akaunti ya mgeni, unaiwasha, mtu anaitumia, hana neno la siri wala haki ya kugusa vya wenyewe. Windows 10 iliiondoa mwaka 2015. Sikumbuki mtu yeyote niliyemfahamu akilalamika. Tulilalamikia rangi, tulilalamikia Start, hiyo ikapita kama basi la usiku.

Mwezi Mei 2024 Microsoft walitangaza kitu kinachoitwa Recall, cha kompyuta mpya zenye prosesa maalumu: kompyuta ingepiga picha za skrini yako kila baada ya muda mfupi, ili baadaye uweze kutafuta chochote ulichowahi kukiona. Wataalamu wa usalama walipokichunguza wakakuta kumbukumbu zile zinasomeka kirahisi na yeyote aliyeweza kuingia kwenye akaunti yako. Kelele zikapigwa, mwezi Juni wakatangaza kitakuwa kimezimwa hadi mwenyewe ukiwashe, kikaahirishwa, kikaja kuanza kuwafikia watu Aprili 2025 kikiwa kimefungiwa vizuri zaidi. Nilipozisoma habari hizo wakati ule nilicheka nikasema hayo ni ya wenye kompyuta za bei mbaya, hayanihusu. Na kweli hakuna kompyuta yangu hata moja inayoweza kuiendesha. Lakini nilikuwa na Recall yangu ya kienyeji, ya vitu 25 na vichupo tisa, nimeiwasha kwa mkono wangu.

Kulipokucha nilizima. Kwenye kompyuta mbili za wateja orodha ya kopi imezimwa, Notepad imeambiwa ianze upya kila inapofunguliwa, na nimezitengenezea akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka, ambayo mchana na jioni tunaifuta na kuiunda tena. Inachukua dakika chache na inaniudhi kila siku. Kompyuta ya binti nimemwachia, ila kwa neno lake la siri, na haikaliwi na mtu mwingine. Yule kijana nilimpigia simu akabadilishe neno lake la siri. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza, akacheka akasema ni lilelile analotumia kila mahali, itabidi abadilishe mengi. Hakuonekana kukasirika. Ningependa angekasirika kidogo.

Wateja waliozoea sasa wanauliza mbona Windows na V haifanyi kazi. Wengine wanadhani kompyuta zimeharibika, mmoja amehamia steshenari ya ng'ambo ya barabara ambako bado inafanya. Binti huwaeleza kwa subira. Kuna mmoja tu ambaye alinikabidhi mimi nimweleze.

Ni mzee mstaafu anayekuja kila mwisho wa mwezi kuandika barua ya kufuatilia mafao yake. Barua ni ileile, tarehe ndiyo hubadilika. Binti alikuwa amembania na kipini mistari yake minne: jina, anwani, namba ya mstaafu, na "Yah:" ya barua yenyewe. Vilivyobanwa havifutiki hata kompyuta ikizimwa, na mzee alikuwa amejifunza kuvivuta mwenyewe. Kwa miezi miwili ile alikuwa anaingia, anaketi, anabonyeza vidole viwili kwa ustadi wa mpiga kinanda, halafu anatugeukia tuone.

Mwisho wa mwezi uliopita aliingia. Shikamoo, marahaba, akaketi mahali pake, akabonyeza. Orodha yake haikuja. Akabonyeza tena.

"Mwanangu, imenisahau?"

"Nimeisahaulisha mimi, mzee. Samahani. Kulikuwa na mambo ya watu yanabaki humo."

Alifikiri kidogo. "Hata yangu yalibaki?"

"Hata yako."

Akasema ahaa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ile ya zamani, aliyokuwa anakuja nayo kabla ya hayo yote. Akaikunjua kando ya kibodi, akaibana na ukingo wa kipanya isipeperushwe na feni, akaanza na herufi ya kwanza ya jina lake, kwa kidole kimoja.